Fundi Cherehani Anayeitafuta Ndoa ya Mama Yake

Saa tatu asubuhi Fundi Kesho anafuta miwani kwa pindo la shati, anavuta kitabu kikubwa cha ndoa za zamani na kukifungua juu ya meza ya masjala. Kidole kilichokomaa kwa kuchomwa sindano kinashuka taratibu kwenye safu ya mabibi harusi.

Jina hilo kapewa na wateja, maana hakuna nguo aliyoulizwa ambayo haikuwa tayari "kesho". Hapa mambo yamemgeukia: yeye ndiye anayeambiwa arudi kesho, na anarudi kweli, kibanda chake amekifunga na wateja wananung'unika.

Anamtafuta mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado ananyonya. Baba alihamishwa kikazi, akaondoka na mtoto, akaoa tena, na habari za marehemu akazifungia moyoni hadi naye alipofariki. Hakuacha picha wala cheti, ila jina lake tu.

"Upande wa baba nina ndugu hadi wa kugawa," anasema. "Upande wa mama sina hata mmoja wa kugombana naye. Nina miaka sitini na sita. Nataka mtu wa kwao aniite mwanangu, basi."

Tegemeo lake ni mashahidi. Vitabu hivi huandika jina la shahidi na makazi yake, na shahidi wa bibi harusi mara nyingi ni ndugu yake wa damu. Kwa hiyo fundi alianza na mwaka aliozaliwa, akarudi nyuma, akazidi kurudi, na sasa anasoma ndoa za miaka ambayo mama yake alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Mama wa masjala, mwanamke mcheshi anayetunza vitabu hivi, anamtazama kwa muda, kisha anasogeza kiti.

"Baba, mbona unarudi nyuma tu? Mbele hujaangalia."

"Mbele wapi? Mbele mimi nimeshazaliwa."

"Ndiyo maana nakwambia."

Fundi anaivua miwani. "Mama, unanivunjia heshima."

"Heshima yako iko palepale. Watu walikuwa wanaanza maisha, karatasi ya ndoa inafuata wakitaka nyumba ya kazini. Wengi wanaokuja hapa wanaishia ukurasa wa mwaka waliozaliwa, wanaona aibu kuufunua. Haya, funua."

Fundi ananuna kidogo, lakini anafunua. Kurasa zinapita. Kabla ya adhana ya mchana kidole kinasimama.

Jina la baba. Jina la mama, na pembeni yake alama ya kidole gumba chake. Fundi anaifunika kwa kiganja. Tarehe inaonyesha kwamba siku hiyo yeye alikuwa ameanza kusimama dede.

"Kumbe harusi ya wazazi wangu nilihudhuria!" anasema. Anacheka, halafu machozi yanamshinda.

Chini limeandikwa jina la shahidi: mdogo wake bibi harusi, miaka kumi na tisa, mkazi wa nyumba zilizo nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Kiwanda kilishafungwa, ila nyumba bado zipo. Fundi alibisha hodi mlango hadi mlango, mpaka akampata kijana aliyelitambua jina: ni bibi yake, yu hai, anaishi kwa binti yake mji wa mbali. Wakampigia palepale. Fundi akajitambulisha.

"Tulikutafuta mpaka tukachoka," bibi akasema. Kisha akauliza: "Umekula, mwanangu?"

Alimrudishia kijana simu, akakaa kizingitini.

Jumamosi hii anasafiri kwenda kwa huyo mama yake mdogo. Alitaka kumpelekea gauni, akampigia tena kuuliza vipimo, kama fundi yeyote. Mama mdogo akakataa katakata.

"Uje na futi yako unipime mwenyewe," alimwambia. "Gauni la harusi la mama yako nilikuja kulivaa mimi. Halikupunguzwa popote, wala halikuongezwa."

Fundi anaikunja futi na kuitia mfukoni.

"Nimepima watu maisha yangu yote," anasema. "Jumamosi nitajua mabega ya mama yalikuwa na upana gani."