Ramani ya Magauni

Nilikwenda Mbinga mjini kufuata cherehani, nikarudi na karatasi. Fundi mmoja mzee anayetengeneza cherehani kibarazani alinipa habari kwamba kuna mjane huko milimani kwenye kahawa anauza cherehani ya mkono, ya zamani. Hayo ndiyo maradhi yangu. Sebuleni kwangu zimejaa, mpaka wanangu wakija wanakaa mkekani na kuniuliza, "Mama, gereji utafungua lini?" Wacheke tu. Basi ile cherehani ilikuwa imeliwa na kutu, mkono hauzunguki. Lakini ndani ya kasha lake mlikuwa na kitabu cha ushonaji kilichovimba kwa unyevu, na nyuma ya kitabu karatasi kubwa imekunjwa. Nilipoikunjua, nilikaa chini palepale. Mjane akaniuliza kama naumwa.

Ngoja nirudi nyuma, maana nikianzia hapo hutanielewa.

Nililelewa na bibi yangu, Liuli, kando ya ziwa. Bibi alikuwa na cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu, yaliyofutika pale kiganja chake kilipozoea kuegemea. Alishonea uani, na ukisikia mlio wake umekatika muda mrefu ujue ama uzi umekatika, ama jirani kaja na umbea. Harufu ya uani kwetu ilikuwa mafuta ya cherehani na usipa, dagaa wa ziwa letu, ulioanikwa. Mpaka leo nikikaanga usipa, masikio yangu yanangoja ule mlio.

Kitabu chake alipewa na sista wa misheni, enzi za usichana wake. Hakujua kusoma hata neno, na mimi niliyeishia darasa la nne sina wa kumcheka. Alichotaka ni ile karatasi ya nyuma, aliyoiita ramani. Humo magauni yote yalichorwa moja juu ya jingine, mistari imepishana kama nyavu zilizoangukiana. Bibi aliupa kila mstari mwenyewe wake. Mstari wa nukta ulikuwa wa nesi, mwembamba kama mwanzi. Wa misalaba, wa mke wa mwalimu. Ule mnene usiokatika ulikuwa wa jirani yetu muuza maandazi, ambaye kiuno chake, bibi alisema, Mungu alikisahau. Akitaka gauni, alitandika karatasi ya mfuko wa saruji chini ya ramani, akaufuata mstari mmoja kwa kuutoboa na mwiba wa mlimao, kisha akaunganisha vitundu kwa mkaa. Ramani yenyewe haikuguswa na mkasi.

Miaka hiyo ndiyo kwanza mitumba inashuka. Kabla yake nguo ilikuwa shida. Duka la kijiji lilikuwa rafu tupu na chumvi, na mtu akipata kitambaa alikileta kwa bibi amekibeba kama kichanga. Mara biashara zikafunguliwa, malori yakateremka na marobota. Kafa Ulaya, tuliziita nguo zile. Gauni limekwisha kushonwa, na vifungo vyake! Cherehani ya bibi ikaanza kunyamaza. Siku moja muuza maandazi akaja na sketi ya mtumba, akajizungusha uani.

"Bibi, hii hata kwenye ramani yako haimo!"

"Haimo, mwanangu," bibi akasema. "Na wewe kwenye sketi hiyo hujaingia, umejisokomeza."

Ikabaki kazi moja. Askofu alikuwa anakuja, na wamama wa kanisa wakaapa hawatampokea na nguo za marehemu wasiyemjua. Wakamletea bibi kitambaa cheupe. Alikipokea kwa mikono miwili. Alijua akiharibu kazi hii, hakuna atakayerudi.

Nami nikataka kusaidia. Bibi kaenda ziwani, mimi nikachukua mkasi. Vile vitundu vya mwiba nilikuwa nimeviona vimejipanga kama vya stempu. Nikadhani ndiyo alama ya pa kukata. Nikalikata gauni la nesi vizuri kabisa, ulimi nje. Nilipolinyanyua, kumbe mistari ya wote ilipita humo, nimenyanyua ramani nzima, vipande vipande: mgongo wa mke wa mwalimu, nusu ya muuza maandazi.

Bibi hakunichapa. Heri angenichapa. Aliketi chini, akajaribu kuvigandisha kwa uji wa muhogo, mistari ikakataa kukutana. Asubuhi tukakuta panya wamekula uji na karatasi yake.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "umemaliza kijiji kizima kwa mkasi mmoja."

Halafu akainuka, akajifunga kanga.

"Mistari ilikuwa ya kitabu. Wenyewe si wapo? Nenda, kila mmoja alete gauni nililomshonea, hata kama limechanika."

Nikapita nyumba kwa nyumba: hodi, shikamoo, bibi anaomba gauni lako la zamani. Hawakunipa magauni, walikuja nayo wenyewe. Wakajaa uani, wakayatandaza juu ya karatasi za saruji, kila mmoja na mwiba wake anatoboa. La muuza maandazi lilikuwa limepasuka zamani, basi akalala mwenyewe kwenye karatasi, bibi akamzungushia mkaa. "Bibi, karatasi imekwisha!" mke wa mwalimu akapiga kelele. "Ongezeni mfuko!" Walicheka mpaka nesi akakaa chini.

Askofu alipofika walikuwa wamejipanga kanisani, weupe mtupu, na kila gauni limemkaa mwenyewe. Baada ya hapo mitumba ikashinda. Bibi alipofariki, mjomba aliiuza cherehani kwa mtu wa Ngumbo, naye akaiuza mbele. Ndiyo maana kila ninayoletewa naitazama kwanza maua yake, yamefutika wapi.

Sasa turudi kwa mjane. Ilikuwa ramani ileile ya kitabu cha bibi, nakala nyingine, nzima. Nukta, misalaba, ule mnene. Niliwaamkia mmoja mmoja, mjane akadhani nasali. Nikapitisha kidole kwenye mstari wa nesi: laini, hata kitundu kimoja hakuna. Mwenye kitabu hakuwahi kukitumia.

Nimeitundika ukutani, juu ya cherehani zangu. Lakini wale wamama wote wamelala kule nyuma ya kanisa. Mistari ninayo. Nikimtuma mtoto leo akapige hodi nyumba kwa nyumba, atatoka nani na gauni mkononi?