Kidonge cha Koko

Mpaka leo nausikia mlio wa kidonge kikianguka kwenye sahani ya chuma: ting! Alikuwa ni koko, mama wa baba yangu, anakirudisha. Kilikuwa cha presha, na muganga alisema asikose hata siku moja. Lakini koko alikuwa ameanza kusahau watu, na asubuhi ile hakunijua.

«We mutoto ya nani?»

«Ya mutoto wako, koko.»

«Basi onja kwanza.»

Kwetu Baraka anayekupa kinywaji anaonja mbele yako, ujue hakuna sumu. Jina langu lilikuwa limempotea, lakini desturi hiyo haikumpotea. Mimi, niliyejiona tayari muuguzi mwenye koti jeupe, nikapiga funda la maji yake huku nikicheka.

«Nilisema maji? Onja dawa!»

Dawa ya mtu mwingine sikuweza kumeza. Siku ile alishinda bila dawa.

Kesho yake, wengine wakiwa shambani, niliketi jikoni peke yangu. Nikamega bukari, ugali wetu, iliyobaki jana, nikafinyanga kidonge changu, kidogo kama chake, nikakiweka tayari ili nitangulie kumeza mbele ya koko.