Maji ya Samadi Yetu

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, nanyamaza mpaka mwalimu aende kwa mwingine. Siku niliyowahi kuongea mbele za watu ni moja tu.

Masika ilipoanza, mtafiti alikuja kwa bibi yangu. Alitaka kujua samadi ya ng'ombe ikinyeshewa hupoteza naitrojeni kiasi gani huku kwetu milimani na kule Kenya, alinganishe. Alitandika nailoni nyuma ya banda, akalundika juu yake samadi ya ng'ombe wetu, na mpira mdogo ukawa unapeleka maji yanayochuruzika kwenye ndoo iliyofukiwa. Kenya kuna lundo kama hilo, alisema, ukubwa uleule. Sharti lilikuwa moja: lisifunikwe. Bibi, ambaye ni mzee wa kanisa, aliahidi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nikapewa daftari. Kila asubuhi kabla ya shule nilipima mvua na maji ya ndoo, nikajaza na chupa ya kupelekwa maabara.

Bibi hakuweza kuitimiza ahadi. Kwetu kuacha samadi inyeshewe ni aibu ya nyumba nzima. "Rutuba yote inashuka kwa watu wa bondeni," alinung'unika. Mawingu yakikaribia alikata majani ya mgomba akalifunika lundo, na siku ya mtafiti kuja aliyaondoa mapema akampa ng'ombe. Nilimwona. Kwenye daftari niliandika nilichopima, mvua nyingi, maji kidogo. Habari ya majani sikuiandika.

Masika ilipokwisha tuliitwa ofisi ya kijiji. Mtafiti alisema ndoo za Kenya zilijaa, naitrojeni tele, na ya kwetu ilikuwa kidogo sana. Watu wakaanza kupiga makofi. Akawazuia kwa mkono.

"Msifurahi. Kule ng'ombe anakula pumba na mashudu. Huyu wa bibi anakula majani ya gwatemala yaliyokomaa, samadi yake ni nyasi tupu, inanyonya maji tu. Haipotezi kwa sababu haina cha kupoteza."

Jirani yetu mmoja, anayeomba samadi kwa bibi kila msimu wa viazi, alicheka kwanza.

"Kumbe miaka yote, dada, ulikuwa unanipa makapi ya chai?"

"Huyo ng'ombe ni wa picha tu," mwingine akasema nyuma.

Bibi alifunga upya khanga ambayo haikuwa imelegea. Ng'ombe wake ndiye fahari yake. Sikuvumilia, nikajikuta nimesimama.

"Bibi alikuwa analifunika," nilisema. "Ng'ombe wetu hana shida. Mvua haikulifikia lundo."

Mtafiti aligeuka. "Bibi, ni kweli? Uliniahidi."

Bibi alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Mimi mzee wa kanisa niahidi halafu nivunje? Mtoto huyu anaogopa mvua. Anakaa jikoni anajiandikia, na chupa anajaza maji ya bomba."

Ofisi nzima ilicheka. Mtafiti alininyooshea mkono nimrudishie daftari.

"Binti, Kenya yupo mwenzako wa umri wako anayepima bila kudanganya. Wewe umenipotezea msimu."

Daftari akampa binti wa yule jirani, ambaye nasoma naye. Ahadi ya bibi ikabaki nzima, na ng'ombe akarudishiwa heshima yake.

Njiani nilimuuliza bibi kwa nini. Hakusimama.

"Wewe utaolewa, watu watakuita jina jingine. Mimi hili ndilo nitakalozikwa nalo."

"Ndiyo, bibi," nikajibu.

Sasa ni vuli. Kila asubuhi yule binti anakuja na daftari, bibi anampa chai ya maziwa. Lundo liko wazi. Mvua ikipiga, bibi anasimama mlangoni anaangalia maji meusi yakienda na rutuba ya viazi vyetu, na hasogei, maana akilifunika, ndoo itasema kama nilivyosema mimi. Shuleni wanasema ona, akipima mtu mwaminifu maji yanapatikana.

Jana ndoo ilifurika. Bibi aliniita nitoke nje, akamwambia binti asome kipimo kwa sauti, nami nisikie.