Mbuzi wa Kesi

Juzi wajukuu wangu walikuwa wanacheka kipindi cha runinga, polisi amejifunga pingu mwenyewe na bibi yake anamgombeza. Mimi sikucheka. Baba yangu alikuwa askari wa kituo kidogo huko Manyatta.

Alasiri moja alikuja nyumbani akivuta mbuzi aliyekuwa ameibwa, wa kuonyeshwa kortini kama ushahidi. Kituoni hakukuwa na zizi. Nilikuwa nimelala jikoni na kikohozi, moshi wa kuni ukiniwasha macho, nikamsikia akimbembeleza kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kusemeshwa nayo. Alimlisha majani ya viazi vitamu kwa mkono wake.

Halafu mbuzi akatafuna kofia ya kazi iliyoanikwa uani. Nikafurahi. Leo atachapwa kama sisi! Lakini Baba alimfungua mdomo, akampapasa tumbo. "Pole, usinifie." Manyunyu yalipoanza, akamfunika na koti lake.

Mama akafoka, "Baba Wanja, Wanja wako anakohoa hapa, na koti limevaliwa na mbuzi?"

"Hii ikikufa nitapeleka nini kortini? Nikupeleke wewe?"

Niliamini korti ni mahali pa sherehe, wanakopelekwa wale wanaopendwa. Nikalia.

Sasa najua aliogopa kufutwa kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Najua vizuri sana. Shule niliacha mapema, lakini nimejenga nyumba ya mawe kwa jasho langu, na nina ng'ombe, kuku na nguruwe. Mbuzi sifugi.