Baba na Vichekesho vya Kuzimu

Mama alipofariki, baba alinyamaza. Akiitwa aliitika, akisalimiwa alijibu, na waliokuja kumpa pole aliwashukuru mmoja mmoja. Lakini mama hakumtaja tena. Nikimtaja mimi, yeye hugeuza uso akaangalia dirishani, chini kule kwenye barabara ya Michenzani, kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Miezi mitano ikapita hivyo. Kila jioni nilitoka kwangu Mpendae nikapanda ngazi za ghorofa yao na bakuli la chakula, nikakaa naye mpaka asali Isha, kisha nikarudi kwa watoto wangu.

Baba alikuwa mpiga fidla. Alipiga taarab tangu ujana wake, na alipostaafu akawa anafundisha vijana pale pale sebuleni, mama akiwapikia chai. Mmoja wa wanafunzi wake, msichana aliyekuja kwake akiwa hajui hata kushika upinde, alitugongea mlango jioni moja nikiwepo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mkono wako bado mzito?"

"Umepungua kidogo," akasema, akacheka. Akatuambia kuna mchezo wa kuigiza wenye nyimbo ndani yake, unaonyeshwa Mji Mkongwe katika ua wa jumba moja la zamani, na yeye ndiye mpiga fidla. "Ni hadithi ya Wagiriki wa kale, lakini sisi tumeifanya vichekesho. Njoo, Mwalimu, unisikilize tu."

"Mimi nna msiba, mwanangu."

Msichana akainamisha kichwa. Nikaingilia kati. "Baba, unakwenda kumsikiliza mwanafunzi wako. Huendi harusini."

"Haya," baba akasema. Mimi wala yeye, hakuna aliyeuliza hadithi yenyewe inahusu nini. Najilaumu kwa hilo mpaka leo, ingawa sasa najilaumu kidogo tu.

Tulikwenda baada ya Isha. Baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi na koti jeusi. Ua ulikuwa umejaa viti vya plastiki na watu wa kila namna: kina mama wa mjini na mabuibui yao, vijana, wazee wachache, na wageni wa Kizungu waliokaa nyuma wakijipepea. Sisi tulipewa safu ya mbele, karibu na wapigaji.

Taa zikawaka jukwaani, akatoka kijana mwembamba akipiga udi, akaimba kwamba yeye ni fundi wa muziki, na mkewe kaumwa na nyoka siku ya harusi yao, kafa. Sasa anakwenda kuzimu kumtaka arudishwe.

Nikamwinamia baba. "Tuondoke?"

"Wacha," akasema. "Fidla haijaanza."

Na kwa kweli ulikuwa mchezo wa kuchekesha. Kuzimu yenyewe waliifanya kama bandari ya Malindi siku ya mkesha wa sikukuu. Mvushaji wa roho alikuwa karani mwenye peni sikioni, anamwambia yule kijana boti imejaa, na isitoshe kitambulisho chake hakikubaliki kwa sababu kinaonyesha bado yu hai. Mbwa wa vichwa vitatu alikuwa watu watatu ndani ya gunia moja, wanagombana nani abweke kwanza. Mfalme wa wafu alikaa mezani mbele ya rundo la mafaili, akasema kila mtu anataka kurudi duniani na fomu zimekwisha. Hapo nikasikia sauti kando yangu. Baba alikuwa anacheka. Alicheka kwa pumzi, mabega yakitikisika, na mimi nikamwangalia yeye badala ya jukwaa.

Kisha yule kijana akampigia mfalme wimbo. Msichana wetu akasimama na fidla yake, na kwa mara ya kwanza usiku ule hapakuwa na kichekesho. Baba alifumba macho. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea juu ya goti, vikifuata kila sauti.

Mfalme akalainika. Akamwambia kijana: mchukue mkeo, wewe tangulia mbele yeye akufuate nyuma, lakini ukigeuka kumtazama kabla hamjafika kwenye jua, umempoteza moja kwa moja.

Wakaanza kutembea kuzunguka jukwaa. Mke alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, anaburuta viatu na kulalamika. "Mume wangu, nisubiri! Mbona mbio hivyo? Kiatu kinanibana! Wewe! Hunisikii nnakuita?" Kijana anaziba masikio, anajing'ata kidole, anapiga hatua. Watu wanakufa kwa kicheko. "Usigeuke!" wakampigia kelele. "Usigeuke!"

Baba akasimama.

"Geuka!" akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Anakuita! Geuka, mwanangu, anakuita!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Walidhani mzee anatania. Kijana naye, kwa kuwa alikuwa mwigizaji hodari, akaidaka papo hapo. "Mzee, unataka kuniponza?" akasema, na kwa kumjibu baba akawa amegeuka. Mke akapiga ukelele, akatupungia mkono, akatokomea nyuma ya pazia. Watu wakapiga makofi hata wimbo uliofuata haukusikika.

Baba alikuwa bado kasimama. Nikamshika mkono nikamtoa nje, tukakaa kwenye baraza ya jumba la pili, katika uchochoro ambao haukuwa na mtu.

"Yule kageuka," akasema. "Mimi sikugeuka."

"Lini, baba?"

"Siku ile hospitali. Kumeadhiniwa Magharibi, nikaondoka kitandani kwake kwenda msikitini. Nshafika mlangoni, akaniita. Nilisikia. Akaniita tena. Nikasema moyoni, nikisha kusali ntarudi, kama ni maji mwanangu yupo atampa." Alivua kofia akaipakata. "Niliporudi wameshamfunika. Miaka arubaini na zaidi yule mwanamke hajaniita nisimwitikie. Siku moja tu. Siku ile."

Mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda. Nilimwona baba akitoka, nilimsikia mama akiita, nikaamini kwamba baba hakusikia, maana ukumbi wa hospitali ulikuwa na makelele. Miezi mitano nilijizuia kumwambia kuwa aliitwa, nikiogopa kumuumiza kwa jambo ambalo yeye, kumbe, alikuwa akilala nalo na kuamka nalo.

"Baba," nikasema, "mimi nilimuuliza anataka nini. Nilimwambia nnamkimbilia baba nimrudishe."

Akanigeukia. "Akasemaje?"

"Akasema, 'Mwache akasali. Nlitaka kumwambia avae koti, nje manyunyu.'"

"Hakusema jengine?"

"Aliomba maji. Nikampa kwa kijiko. Kisha akafumba macho, nami nikadhani kalala."

"Hakukasirika?"

"Hakukasirika, baba."

Ndani ya ua watu walikuwa wanacheka tena. "Nlirowa siku ile," baba akasema. "Nlirowa mpaka kofia." Kisha akalia. Sikuwa nimemwona baba akilia, wala siku ya maziko. Nilimshika bega nikamwacha alie, na mpita njia mmoja aliyetokea pembeni akatoa salamu ya chini chini, akaongeza mwendo.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kofia yake. "Mbona hukunambia siku zote hizi?"

"Na wewe mbona hukunambia?"

Aliinuka akasema turudi ndani, kwani si adabu kumwacha mwanafunzi kabla hajamaliza. Tukasimama nyuma kabisa, mpaka wimbo wa mwisho. Msichana alipotuona akaja mbio, uso umemjaa hofu. Pengine aliona viti vyetu vitupu, akatambua hadithi imemgusa wapi mwalimu wake.

"Mwalimu, nisamehe. Sikufikiri kabisa."

"Wimbo wa mbele ya mfalme umeupiga vizuri," baba akamwambia. "Lakini mwisho umeharakisha. Njoo kwangu Jumamosi tuutazame."

Tulirudi kwa miguu hadi Michenzani. Njiani aliniambia mambo ya mama ambayo sikuyajua: kwamba walipooana alikuwa hapendi fidla, akisema inalia kama paka, kwamba alijifunza kuipenda polepole, na hakukiri mpaka mtoto wa tatu. Aliyasema kama anayasoma mahali, bila kusita. Tulipofika chini ya ngazi akasimama kupumzika, mkono kwenye ukuta.

"Hebu niambie tena," akasema. "Maneno yake, kama alivyoyasema."

Nikamwambia tena.