Mti Juu ya Paa la Mshairi

Mimi sikai. Uliza mtu yeyote Kitale. Chai nakunywa nimesimama, simu moja sikioni na nyingine inatetemeka mfukoni. Ndivyo mtu aliyeacha shule darasa la sita akabeba mchanga kwa mgongo anafika mahali nimefika. Ukiona nyumba ya maana pale Milimani, uliza ni nani alijenga. Utaambiwa.

Kwa hiyo mwalimu mmoja mstaafu wa huko Tongaren aliponipigia, ati wana nyumba ya mshairi kando ya mto Nzoia, imechakaa, na wanataka irudi kama zamani iwe makumbusho, nilicheka. Msonge wa udongo na nyasi! Kazi ya udongo niliiacha kitambo. Lakini akasema siku ya kufungua watakuja wageni wakubwa kutoka Bungoma, na ukutani kutakuwa na kibao chenye jina la aliyeijenga upya.

"Kibao cha mbao ama cha jiwe?" nikauliza.

"Jiwe."

Nikaenda.

Mwalimu akanipa picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mshairi amesimama mlangoni, mikono nyuma, mto unaonekana kando yake. Ati hapo ndipo mzee alikuwa anakaa siku nzima akiangalia mto. "Iwe hivi hivi," akasema. "Usiongeze, usipunguze."

Mashairi yake sijui hata moja. Lakini picha nasoma kuliko injinia. Nyasi nilitafuta za urefu ule ule. Waezekaji niliwatoa mpaka Myanga, kwa sababu vijana wa siku hizi wanajua mabati tu. Dirisha la upande wa mto nililipinda kidogo kushoto, maana kwa picha limepinda. Na juu kabisa, pale nyasi zinapokutana, picha ilionyesha mti mmoja umesimama kama kidole. Nikachagua mtarakwa mzuri, nikaupigisha randa, nikaupaka vanishi ung'ae. Kitu kikionekana kutoka barabarani, lazima kionekane vizuri.

Fundi wangu mmoja wa Ndalu, hapo karibu na Tongaren, alijikuna kichwa.

"Mdosi, na hii tuweke kweli?"

"Iko kwa picha?"

"Iko."

"Basi weka. Funga na waya mpaka isitikisike."

"Sawa, mdosi," akasema, na akapanda. Hiyo ilikuwa jioni. Kabla ya ufunguzi ilikuwa imebaki siku moja tu katikati.

Asubuhi yake mjane wa mshairi akarudi. Wakati wa kazi alikuwa ameenda kukaa kwa binti yake, kwa sababu ya vumbi. Alishuka kwa bodaboda pamoja na mwalimu. Mimi nimejipanga pale mlangoni, nimevaa shati safi, nangoja sifa. Mama akainua macho juu ya paa. Hakunisalimu. Alikaa chini kwenye majani, mkoba kwenye mapaja, akageuka akaangalia mto.

"Mwalimu, nini mbaya?" nikauliza. Simu ilikuwa inalia. Kule Kitale lori la kokoto lilikuwa limefika na hakuna wa kulipokea.

Mwalimu alikuwa ameshika kiuno. "Kontrakta, ule mti ni nani amekuambia uweke?"

"Wewe. Si uko kwa picha?"

Ndipo akanieleza. Huko kwao mti wa juu ya paa ni wa mwenye nyumba. Akiwa hai, unasimama. Akifa, unatolewa, na kila apitaye anajua nyumba hii haina mwenyewe. Picha ilipigwa mzee akiwa hai. Mimi nimeambia kijiji kizima kwamba amerudi.

Watu wetu walikuja Trans-Nzoia kutoka Mlima Kenya. Ningejuaje? Nikamgeukia fundi. "Na wewe ulijua?"

"Si ulisema iko kwa picha?"

Mwalimu akakohoa. Akasema labda tuuache mpaka wageni waende, maana hao wakubwa wa Bungoma hawatajua.

"Mimi nitajua," mama akasema.

Aliongea bila kupandisha sauti. "Wewe mtu wa Kitale, sikia. Siku walipoutoa ule wa kwanza nilikuwa nimesimama hapa hapa. Nililia nikamaliza. Nikajifunza kusonga ugali wa mtu mmoja. Sasa leo jirani ananipigia, ati mama, mzee amerudi? Na anacheka. Kesho unataka nipeleke watu ndani niwaambie hii ni ya marehemu, na huko juu kunasema yuko hai? Siingii. Na nisipoingia mimi, hakuna anayeingia."

Kibao changu kilikuwa kimeegemea ukuta, bado kimefunikwa gunia.

"Panda utoe," nikamwambia fundi.

"Aliyeweka ndiye anatoa, mdosi."

"Si ni wewe uliweka!"

"Mimi nilikuwa mkono tu. Mdomo ulikuwa wako."

Vibarua wakacheka. "Apande yeye," mama akasema.

Nikapanda. Kwa miaka mingi mimi ni wa kupandisha watu, na hiki kitambi hakijui ngazi. Nilishika ule mti, nikavuta, haukusonga. Waya nilikuwa nimesema ufungwe ukaze, na kazi nikiiamuru mimi inakaza kweli. Nyasi zinanichoma shingo, simu inanguruma mfukoni, na chini yangu mto unapita, mwekundu wa udongo, hausimami hata dakika. Nikaona huo mto na mimi tunafanana. Sasa yule mzee alikuwa anakaa kuangalia nini?

"Kontrakta, umekwama?" mama akaita. Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani.

"Mimi? Nakagua paa!"

Nilipoteremka na ule mti, mwalimu alikuwa bado ana wasiwasi na picha. Itakuwa haifanani na nyumba. Mama akamwambia aitundike ndani, watu waone vile ilikuwa. Halafu akauchukua mti mkononi mwangu, akaenda nao jikoni, akaukatakata kwa panga na kuchemsha chai. Moshi wa vanishi ulitutoa machozi sisi wote.

"Kaa," akaniambia, akinipa kikombe.

"Mama, mimi sikai."

"Nimeona. Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda, nikamwuliza mzee alikuwa anaangalia nini mtoni siku nzima.

"Mto? Alikuwa anangoja chai."

Simu ikalia. Nikaiacha. Ikalia tena, nikaishika. Lori ni lori. Lakini chai niliimaliza nimekaa, ijapokuwa ilikuwa na ladha ya rangi.

Kesho yake waliingia wote, mama akiwa mbele. Jina langu liko pale kwa jiwe, ukipita Tongaren simama usome. Juu ya paa hutaona kitu. Hiyo nayo ni kazi yangu.