Kumwangusha Tonton

Nilizisikia njumu kabla sijamwona mtu: ka-ka-ka, ka-ka-ka, zikishuka ngazi za zege za jengo letu la Anderlecht, huku Ulaya. Ilikuwa wiki iliyopita, nimekuja kumsalimia Maman. Zilikuwa pea nyingi, watoto wengi. Nikasimama pale chini na mfuko wangu wa majani ya sombe. Utotoni mwangu ilikuwa pea moja tu, ya Tonton Kaseba.

Tonton, jirani yetu wa ghorofa ya nne tuliyemwita hivyo, yaani mjomba, kwa heshima, ndiye mtu pekee wa mtaani aliyekuwa amebaki katika klabu ya raga, ile ya watu kumi na watatu. Wengine waliletwa kwa basi kutoka Ufaransa kila Jumapili. Walicheza, wakaoga, wakaondoka bila kujua hata jina la barabara. Jumapili moja basi halikuja. Wapinzani walikaa kwenye mvua wakila machungwa yao, na Tonton peke yake katikati ya uwanja, akinyoosha misuli kana kwamba mechi itaanza.

Mwenyekiti akataka kuifunga klabu. Tonton akamwomba aje kwanza kuona watoto wa ngazi zetu. Alikuwa ametukusanya, wasichana kwa wavulana. Mimi nilikuwa na miaka kumi.

Siku hiyo, mwenyekiti akiwa chini ya mwavuli, Tonton alikumbatia mpira akatujia mbio. Tukampisha. Tena kwa adabu: Junior wa ghorofa ya pili hata aliinamisha kichwa. Tonton akavuka mstari bila kuguswa.

"Juu ya nini hamuniangushe?"

"Tonton, weye ni mukubwa," Junior akajibu. "Maman akisikia, ataniua."

Mwenyekiti alicheka mpaka mwavuli ukatikisika. Hawa, alisema, wanafaa kusimama mlangoni kwenye harusi, wakiwapisha wageni. Nilikielewa Kifaransa chake vizuri mno. Damu ikanipanda usoni.

"Bon," Tonton akasema, "fasi hii hakuna tonton. Iko mupira tu. Mukuje!"

Alikuja kama kabati linaloporomoka ngazini. Nikafumba macho, nikaomba radhi, "Pardon, Tonton," nikayakumbatia magoti yake. Nilikula matope. Lakini alianguka! Kuanzia hapo uwanja mzima ukawa pardon Tonton, pardon Tonton, na kila aliposimama tulimrudisha chini.

Katika chumba cha kubadilishia nguo mwenyekiti hakucheka tena, ila hakulainika. "Watakua lini hawa, Kaseba? Mimi nataka timu ya Jumapili hii."

"Jumapili ziko mingi, Président." Tonton akanyoosha mkono wenye matope. "Funguo za klabu."

Mwenyekiti akaziweka funguo juu ya benchi. "Utanirudishia kabla ya Krismasi."

"Utazingojea sana."

Siku ile nilidhani Tonton ametufundisha kukosa adabu kidogo. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Wale wa basi walikuwa wageni, na sisi pia, watoto wa wahamiaji tuliozaliwa hapa, tulikuwa tumezoea kutembea kama wageni, tukimpisha kila mtu. Alitaka tuache.

Mle chumbani, siku ile, mwenyekiti alishika kitasa atoke.

"Na mulango, Président," Tonton akasema bila kugeuka, akimpangusa Junior masikio. "Batoto balilowana."

Mwenyekiti akatoka, akaufunga nyuma yake.